Ukaguzi wa damu wodini: anzieni kwenye rejista ya maabara, si kwenye mafaili

Assalaam alaykum dada yangu, na nyote mliotangulia kuchangia.

Kwa atakayeingia sasa hivi: mwenzetu ni muuguzi katika hospitali moja huko Pemba. Amewekwa kwenye timu ya ubora, na daktari dhamana amewataka wakague jinsi wagonjwa wanavyoongezewa damu na jinsi inavyoandikwa. Anauliza waanzie wapi, wachukue mafaili mangapi, na anasema wenzake wodini wanalalamika kwamba hayo ni makaratasi tu, mgonjwa akishapona ameshapona. Wengi mmemshauri akusanye mafaili ya walioongezewa damu, atengeneze orodha ya kutiki, atoe asilimia.

Mimi ni mtu wa maabara, nimefanya kazi Pemba na Unguja, na ukaguzi wa aina hii nimeshiriki katika hospitali zaidi ya moja. Orodha ya kutiki sina ugomvi nayo. Pa kuanzia ndipo nisipokubaliana napo.

Ukianzia kwenye mafaili, utakagua yale yaliyopatikana. Na faili lililopatikana likiwa na fomu ya damu ndani yake tayari linatoka kwenye wodi iliyojitahidi. Yule ambaye fomu yake ilipotea, au aliongezewa usiku na hakuna aliyeandika, hutamwona kamwe, kwa sababu hakuna karatasi ya kukuambia kwamba alipewa damu. Asilimia itatoka nzuri, daktari dhamana atafurahi, na wodini mambo yatabaki vilevile.

Anzia kwenye rejista ya kutolea damu pale maabara. Kila chupa iliyotoka kwenye friji ina namba yake ya uchangiaji. Chukua chupa kwa mfululizo bila kuchagua, tuseme 50 za mwisho kwa hospitali ya ukubwa wenu, kisha ifuate kila moja: ilikwenda wodi gani, kwa mgonjwa gani, faili lake liko wapi, ndani ya faili namba ya chupa imeandikwa au haikuandikwa, ilianza saa ngapi, ikamalizika saa ngapi, mgonjwa akawa na hali gani. Swali la kwanza la ukaguzi wenu wote liwe hili: chupa hii iliishia wapi?

Jiandaeni, kwa sababu kuna chupa mtakazozifuata mpaka mlangoni mwa wodi na hapo alama zinakatika. Mara nyingi hakuna wizi wowote. Mgonjwa alifariki kabla haijafungwa, au alipewa rufaa, au damu ilikaa mezani mpaka ikaharibika ikatupwa kimya kimya, au iliongezwa vizuri kabisa lakini aliyeiongeza alikuwa peke yake na wodi nzima. Yote hayo yanaonekana sawa kwenye karatasi, yaani hayaonekani. Ndiyo maana nawaambia wenzako wodini kwamba hili si suala la makaratasi. Mchangiaji akirudi baada ya miezi mitatu kutoa damu tena na safari hii akakutwa na VVU au homa ya ini B, inabidi tujue ile chupa yake ya mwanzo alipewa nani, maana kuna kipindi baada ya maambukizi ambapo kipimo bado hakioni kitu. Tusipojua alipewa nani, kuna mtu yuko kijijini kwake na hatujui kama tumempa maradhi au hatukumpa.

Na kuna jambo jingine linaloniuma zaidi. Kwetu mtaani maneno ya kwamba damu inauzwa hayaishi. Kijana anatoka Micheweni au Makunduchi, anatoa damu kwa hiari, hapewi senti, halafu anasikia barazani kwamba damu yake imeuzwa. Hospitali inayoweza kufungua rejista na kuonyesha kila chupa ilipoishia ina la kumjibu. Isiyoweza hata ikiapa haitaaminiwa, na Ramadhani ikifika, wachangiaji wakipungua kama kawaida, maneno hayo yanatugharimu maisha ya akina mama.

Sasa tuingie ndani ya hiyo safari ya chupa. Sitapita kila hatua kwa uzito sawa kwa sababu hazina hatari sawa.

Watu wengi wa nje ya fani wanadhani hatari kubwa ya damu ni maradhi. Damu zetu hupimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende, na pale kazi inafanyika. Kinachoua haraka ni damu ya kundi lisilo lake kumwingia mgonjwa, na hilo mara nyingi halitokani na kipimo kukosewa. Linatokana na jina. Uingereza wana mfumo wao wa kukusanya taarifa za matukio ya damu tangu 1996, unaitwa SHOT, na mwaka baada ya mwaka taarifa zao zinaonyesha kwamba sehemu kubwa ya matukio ni makosa ya kibinadamu: sampuli ya mtu mmoja kwenye tyubu yenye jina la mwingine, au chupa sahihi kwa kitanda kisicho chake. Kama wao wanakosea hivyo, na wana majina ya ukoo, sisi tuseme nini? Ingia wodi ya wazazi Pemba siku yoyote, uite "Fatma Ali", uone wangapi watainua vichwa. Khamis Juma Khamis, Juma Khamis Juma, Asha Ali Hamad, Asha Hamad Ali. Majina matatu kwetu hayatoshi.

Niliwahi kuwapo wodini, hospitali siitaji, wakati chupa imeletwa kwa mama aliyetoka kujifungua kwa upasuaji. Kitanda cha tatu kutoka kwake kulikuwa na mama mwingine mwenye majina yaleyale matatu, mawili ya mwisho yamebadilishana nafasi. Muuguzi alimsogelea yule wa pili akamuuliza, "Wewe ndiye Mwanajuma Khamis?" Akajibu, "Ndiye." Alikuwa amechoka, na mgonjwa aliyechoka hujibu ndiyo kwa kila kitu anachoulizwa na mtu mwenye sare, tena kwa adabu. Mwanafunzi wa uuguzi aliyeshika fomu ndiye aliyemuuliza, "Mama, unatoka shehia gani?" Akataja. Kwenye fomu ilikuwa shehia nyingine. Chupa ikarudi ilikotakiwa kwenda. Makundi yao yalikuwa tofauti, na chupa ile ingeweza kumuua kwa mililita chache tu, maana damu isiyoingiliana huanza kumdhuru mgonjwa hata kwa mililita 5 hadi 10.

Kwa hiyo kwenye ukaguzi wenu msitiki tu kwamba "jina limeandikwa". Angalieni kama kuna kitambulishi cha pili na cha tatu: namba ya hospitali, tarehe ya kuzaliwa kama inajulikana kweli (wazee wetu wengi wameandikiwa tarehe moja ya kubuni, haisaidii), namba ya kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, na shehia. Shehia ni yetu, haigharimu kitu, na kila mtu anaijua ya kwake. Kwa watoto wachanga, "mtoto wa Asha" ni hatari tupu. Iandikwe namba ya hospitali ya mama, jinsia, na kama ni pacha, kulwa au doto.

Angalieni pia tyubu ya sampuli ilibandikwa lebo wapi. Hili faili halitakuonyesha, itabidi mkae wodini muone. Kama tyubu zinaandikwa majina mezani mapema, kisha mtu anazunguka nazo vitandani, hapo ndipo damu ya mtu mmoja inapoingia kwenye jina la mwingine, na krosmachi (kipimo cha kuona kama damu ya chupa inaingiliana na ya mgonjwa) itatoka safi kabisa, kwa sababu maabara tutakuwa tumeilinganisha chupa na damu ya jirani. Lebo iandikwe palepale kitandani, baada ya kuvuta damu, na yuleyule aliyeivuta.

Ninayotaka kuwatahadharisha hasa ni saa. Mtakapoanza kuhesabu muda, mtachanganyikiwa. Maabara tunaandika saa kwa mtindo wa 24. Wodini kuna anayeandika kwa mtindo huo, na kuna anayeandika saa za Kiswahili kama anavyozisema. Nimekutana na chupa ambayo rejista inasema ilitoka kwenye friji 14:10, na fomu ya wodi inasema ilianza kuongezwa "9:00". Ukisoma kama ilivyo, mgonjwa alipewa damu saa tano kabla haijatoka maabara. Mwenyewe aliandika saa tisa alasiri, yaani 15:00. Kwa hiyo tangu itoke kwenye baridi mpaka ianze zilipita dakika 50, wakati inatakiwa ianze ndani ya dakika 30. Mkiwa na haraka mtaitupa fomu hiyo kama "imeandikwa vibaya", na jambo muhimu lililomo ndani yake litapotea nayo. Kaeni na manesi wa wodi husika mzisome pamoja. Na kabla hamjarudi kukagua mara ya pili, hospitali nzima ikubaliane mtindo mmoja wa saa, ubandikwe ukutani juu ya meza ya manesi.

Muda wenyewe una mipaka miwili tu ya kukumbuka. Dakika 30 tangu kutoka kwenye friji mpaka kuanza, na saa nne mpaka kumalizika. Damu hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 6. Ikikaa nje kwenye joto letu, bakteria hata wakiwa wachache huanza kuzaana. Damu iliyochelewa irudi maabara ikiwa na maelezo, isirudi kimya kimya kwenye friji, na kamwe isihifadhiwe kwenye friji la dawa la wodi, sembuse lenye sehemu ya barafu, kwa sababu chembe za damu zikiganda zinapasuka na kumwongezea mgonjwa damu hiyo ni kumdhuru.

Halafu dakika 15 za mwanzo. Hapa ndipo ningewaomba mtumie muda wenu mwingi. Joto, mapigo, upumuaji na presha vinatakiwa vipimwe kabla ya kuanza, vipimwe tena dakika 15 baada ya kuanza, viendelee kuangaliwa kila saa, na mwisho vipimwe inapomalizika. Chukua fomu ya damu uiweke kwenye mwanga. Safu ya joto: 36.5, 36.5, 36.5, 36.5. Mapigo: 80, 80, 80, 80. Wino mmoja, mwandiko mmoja, mlalo mmoja wa kalamu kuanzia juu mpaka chini. Mgonjwa mwenye hemoglobini (kipimo cha wingi wa damu) ya 4, yaani damu kidogo mno, anayehema, hawezi kuwa na mapigo 80 yasiyotikisika kwa saa tatu. Fomu hiyo ilijazwa kwa mkupuo mmoja baada ya chupa kuisha, na kwenye orodha ya kutiki itapata alama zote. Ile yenye vipimo viwili tu, kimoja kina joto 37.9 na maneno "mgonjwa analalamika baridi, damu imesimamishwa, daktari ameitwa", itaonekana ina mapengo. Kwangu mimi hii ya pili ndiyo fomu bora katika rundo zima, na aliyeiandika anastahili kushukuriwa mbele ya wenzake.

Kwa hiyo pamoja na rejista na mafaili, chagueni chupa kadhaa mkazione zikiongezwa kwa macho yenu, na baadhi ziwe za usiku. Msiende kama polisi. Mwambieni inchaji wa wodi mapema, kaeni, tazameni. Mtaona sababu ambazo hakuna fomu itakayowaambia. Kipima joto ni kimoja na kiko wodi ya pili. Mashine ya presha betri imekwisha. Muuguzi ni mmoja, na utaratibu unataka watu wawili wasome lebo kwa sauti kando ya kitanda. Wa pili atoke wapi? Hospitali moja walikubaliana kwamba damu isiyo ya dharura haianzi usiku, na ya dharura daktari wa zamu ndiye msomaji wa pili. Haikuhitaji bajeti. Lakini bila mtu kwenda kukaa pale usiku, lingeandikwa tu "wauguzi hawafuati utaratibu, wapewe mafunzo", na mafunzo yasingeleta mtu wa pili.

Mkiwa hapo angalieni na kinachopita kwenye mpira. Damu haichanganywi na kitu isipokuwa maji ya chumvi ya kawaida. Dekstrozi (dripu ya sukari) hupasua chembe, Ringa (dripu ya maji yenye madini) ina kalsiamu inayoweza kuigandisha damu, na dawa yoyote ikitiwa humo hutajua kilichomdhuru mgonjwa ni kipi. Seti iwe ile ya damu yenye chujio. Ya dripu ya kawaida haifai.

Upande wa sababu ya kuomba damu nitakuwa mfupi, ingawa madaktari wenu hawatapenda kuuona ukikaguliwa. Fomu iwe na hemoglobini, utambuzi wa ugonjwa, na sababu. "Anemia" peke yake si sababu. Mtu mzima aliyetulia, asiyevuja damu, mwenye hemoglobini juu ya 7, kwa kawaida hahitaji chupa. Anahitaji kujulikana upungufu wake umetoka wapi na pengine vidonge vya madini ya chuma. Kwa watoto, utafiti mkubwa uliofanywa Uganda na Malawi na kuchapishwa 2019 uliwafuata wenye hemoglobini kati ya 4 na 6 wasio na dalili za hatari: walioongezewa papo hapo na wale waliosubiri wakiangaliwa kwa karibu hawakutofautiana katika vifo. Neno zito hapo ni kuangaliwa kwa karibu. Chini ya 4, au akiwa na dalili za hatari, mtoto apewe damu, hakuna kusubiri. Na andikeni pia wangapi walipimwa hemoglobini baada ya kuongezewa. Mtashangaa uchache wao, na bila kipimo hicho daktari hajui kama chupa moja ilitosha au la. Wale wa selimundu, ambao wanaongezewa mara kwa mara, watazameni peke yao. Kwao historia ya damu walizopewa zamani na riaksheni walizopata (yaani jinsi mwili ulivyoikataa damu) ni muhimu kuliko kwa mgonjwa mwingine yeyote, na mara nyingi imo kwenye faili la zamani ambalo halikuletwa.

Ridhaa iangaliwe, na isiwe sahihi ya mume tu wakati mama mwenyewe yuko macho na anaweza kusema.

Sasa riaksheni. Kama mkikagua mwaka mzima wa chupa na kukuta hakuna riaksheni hata moja iliyoripotiwa, msipongeze mtu. Homa na vipele vya mwili ni vitu vinavyotokea popote damu inapoongezwa. Sifuri maana yake hakuna anayeripoti, na mara nyingi haripoti kwa sababu anaogopa. Ulizeni wodini, bila daftari mkononi: mgonjwa akianza kutetemeka, akilalamika maumivu ya kiuno, mkojo ukiwa mwekundu au mweusi, mnafanya nini? Jibu linalotakiwa ni kusimamisha damu, kuacha kanula palepale na kuweka maji ya chumvi kwa seti mpya, kumwita daktari, kusoma upya lebo na jina, kisha kurudisha chupa na mpira wake maabara pamoja na sampuli mpya ya mgonjwa. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika: chupa inatupwa kwenye ndoo ya taka, na ushahidi wote unakwenda nayo.

Umeuliza pia, dada, kama ripoti itaje majina ya waliokosea. Hapana. Itaje wodi, zamu na hatua ya safari ya chupa ambapo alama zilikatika. Siku mtakapotaja jina la muuguzi mmoja, kuanzia usiku huohuo fomu zote zitaandikwa 36.5, 80.

Na ripoti isiende kwa daktari dhamana peke yake kisha ikafungiwa kabatini. Irudi wodini ndani ya wiki mbili tatu, kwa mdomo, dakika 20 wakati wa kupokezana zamu, pamoja na fomu halisi zilizofichwa majina. Chagueni mambo mawili tu ya kurekebisha, kwa mfano mtindo wa saa na msomaji wa pili, mpeni mtu wa kuyasimamia kila moja, na baada ya miezi mitatu mrudi kwenye rejista ileile kuchukua chupa 50 nyingine kwa utaratibu uleule. Kwenye timu yenu awepo mtu wa maabara, daktari mmoja anayeandika fomu za kuomba damu kila siku, na muuguzi wa zamu ya usiku. Huyo wa mwisho msimkose, hata kama itabidi kikao kifanyike saa moja asubuhi kabla hajaenda kulala.